Bundi Hana Nuksi, Lakini Ana Haki

Usiku mmoja baada ya swala ya Isha, bundi alilia juu ya mti mkubwa nyuma ya bweni letu hapa Kampala. Ndugu mmoja alifunga dirisha haraka: "Kuna mtu atakufa." Nikamkumbusha kwamba Mtume (s.a.w.) alikanusha imani ya nuksi, na katika Hadithi hiyo hiyo, iliyomo katika Bukhari na Muslim, akakanusha "hama", ambayo baadhi ya wanazuoni wameifasiri kuwa ni bundi aliyeogopwa zama za ujahilia. Nikajiona nimeshinda hoja.

Usiku uliofuata nikaenda peke yangu kuonyesha kwamba simwogopi. Nikafungulia kwenye simu mlio wa bundi uliorekodiwa. Akaja. Akalia, akahama tawi, akalia tena. Nikammulika tochi, nikapiga picha, nikaurudia mlio ule mara nyingi.

Baadaye nilisoma kwamba bundi hulia pia kutangaza mipaka ya makazi yake. Basi mlio wa simu yangu kwake ulikuwa habari ya mvamizi. Aliacha kuwinda, pengine aliacha na makinda, aje kumkabili adui asiyekuwepo. Nilimdanganya. Je, uongo unakuwa halali kwa kuwa anayedanganywa ni ndege?

Mtu atasema Mwenyezi Mungu ametutiishia viumbe, na ametutaka tutazame na kutafakari. Ni kweli. Lakini Qur'ani (6:38) inatufundisha pia kwamba ndege ni umma mfano wetu. Na katika Hadithi ya Abu Dawud, masahaba walipochukua makinda na mama yao akahangaika, Mtume (s.a.w.) aliamuru yarudishwe. Hakuwauliza nia yao ilikuwa nini.

Siku hizi namtafuta mchana kwa alama zake: kinyesi cheupe shinani, na madonge ya manyoya na mifupa ya panya anayoyatapika. Jua likizama nasimama mbali, kimya, bila tochi. Akijinyoosha akawa mwembamba na kunikazia macho, najua nimemkaribia mno, narudi nyuma. Penye kiota sipatangazi kwenye makundi ya simu, kwani wapo wanaomuua kwa hofu ile ile ya nuksi. Mara nyingi narudi bwenini bila kumwona.

Ndugu yangu alimdhulumu bundi kwa kumwogopa. Mimi nilimdhulumu kwa kumpenda, na dhuluma yangu ndiyo iliyomfikia.

Wallahu a'lam.