Haki ya Msafiri na Wajibu wa Wenyeji wa Njia



Katika Sura At-Tauba Mwenyezi Mungu amewataja watu wa namna nane wenye haki katika mali ya zaka, na miongoni mwao yumo msafiri. Litafakari jambo hili. Msafiri huenda ni tajiri kwao, lakini akipatwa na shida njiani, mbali na nduguze, mali yake ya nyumbani haimfai kitu. Humtegemea mtu asiyemjua. Kwa hiyo dini imempa haki juu ya wale ambao njia yapita kwao.

Haki hiyo yawahusu sana wakazi wa Kilolo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita Ruaha Mbuyuni na Mahenge, kisha hupanda Mlima Kitonga kuelekea Ilula. Upande mmoja ni jabali, upande wa pili ni korongo, na kona zake ni kali. Malori ya mizigo ya Zambia na Kongo hupishana hapo na mabasi ya abiria. Breki zikipata moto mteremkoni zikakataa kushika, familia nyingi huingia msibani kwa dakika moja.

Serikali inalo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, nalo huitwa kwa simu namba 114. Lakini jeshi husafiri kutoka lilipo, na jirani yupo tayari. Mtu anayetokwa na damu nyingi aweza kufa katika dakika chache. Mwokozi wa kwanza, basi, ni mkulima wa vitunguu, mwuza nyanya, au kijana wa bodaboda. Swali ni hili: je, atafika na nini mkononi?

Tarehe 10 Agosti 2019, katika barabara hii hii, huko Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, na watu wakalikimbilia na madumu ili wachote petroli. Moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tusiwahukumu marehemu, bali tujifunze. Mtu asiyefundishwa la kufanya penye ajali hufuata lile ambalo haja yake yamwambia.

Kwa sababu hiyo yafaa kila kijiji kilicho kando ya njia kiwe na kikosi cha watu wa kujitolea, waliofundishwa huduma ya kwanza: kugandamiza jeraha kwa kitambaa safi, kutomvuta ovyo aliyeumia shingo au mgongo, na kuwazuia watu wasiyasogelee mafuta yaliyomwagika. Kikosi hicho chahitaji machela, kamba, tochi, glavu, bandeji, fulana zing'aazo usiku, na fedha ya kukodi gari la kumfikisha majeruhi hospitalini. Vitu hivi havinunuliwi saa ya kilio.

Nabii Yusuf a.s. hakuingoja njaa ndipo atafute nafaka. Aliweka akiba katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame. Sisi tuna desturi njema ya kuchangiana msibani; sanda hupatikana, jeneza hupatikana, na waombolezaji hawalali njaa. Lakini yatupasa tujiulize: kwa nini mkono wetu ni mwepesi kumzika mtu kuliko kumwokoa? Kaya 200 zikitoa shilingi 1,000 kila mwezi, mwaka mmoja huzaa shilingi 2,400,000. Hiyo ni sadaka iliyotangulia mbele ya ajali.

Usidhani kwamba sadaka ndogo hazijengi kitu. Katika mji wa Karachi, Pakistan, Abdul Sattar Edhi alianza mwaka 1951 na zahanati ndogo. Alisimama njiani akiomba sadaka kwa wapita njia, na kwa michango ya watu wa kawaida akajenga mojawapo ya huduma kubwa kabisa duniani za magari ya wagonjwa ya kujitolea. Alipofariki tarehe 8 Julai 2016 alikuwa bado mtu wa maisha ya kawaida sana.

Pengine wewe uliyeingia karibuni katika Uislamu, au ungali unachunguza, utauliza: je, nitoe mali yangu kwa ajili ya mtu asiye wa dini yangu? Soma Sura Al-Maida. Humo kuokoa nafsi moja kumelinganishwa na kuwaokoa wanadamu wote, wala haikutajwa dini ya nafsi hiyo. Aliyelala korongoni haulizwi anasali wapi.

Tena, mfuko huu ni amana. Wachaguliwe watunzaji zaidi ya mmoja, kila shilingi iandikwe, na hesabu isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, Waislamu na Wakristo wakisikiliza pamoja. Mchango usiosomewa hesabu hufa upesi, na ukifa, atakayelipa gharama ni msafiri.

Basi, ndugu yangu, usingoje kusikia kishindo mlimani ndipo utafute mfuko wako. Asiye na nguvu za kushuka korongoni na atoe kamba, na asiyeweza kununua kamba peke yake na atoe sehemu ya bei yake. Mwenyezi Mungu azipokee sadaka zetu, na atujalie kuwa wenyeji wema kwa kila apitaye kwetu. Amin.