Kabla Hujaipa Spora Mama

Mwanangu, zile spora nne zilizoshikamana ulizonionyesha kwenye hadubini, usiziandike kuwa za livaworti, ile mimea midogo isiyo na mishipa, kwa sababu tu zimeshikamana. Ni kweli zipo livaworti hai, kama Sphaerocarpos, ambazo spora zake hutoka nne nne bila kuachana. Lakini spora za namna hiyo zimepatikana Argentina katika mawe yenye umri wa takriban miaka milioni 470, na mmea uliozizaa huenda haukuacha kizazi chochote.

Kasome kazi ya Charles Wellman na wenzake ya mwaka 2003. Walichunguza mawe ya kisima kirefu kilichochimbwa Oman, wakakuta vipande vya vifuko ambavyo spora zilikuwa zingali zimejaa ndani yake. Hawakuridhika na umbo la nje. Walizikata nyembamba mno, wakazitazama kwa hadubini ya elektroni, na ndani ya ukuta wakaona matabaka yanayofanana na ya livaworti. Huo ndio ushahidi ninaotaka uuzoee, ingawa unachosha na vifuko vya aina hiyo ni adimu sana.

Kwa honiworti, jamaa wa livaworti, ni vigumu zaidi. Spora zake zina alama ya mistari mitatu inayokutana katikati, lakini hata baadhi ya kangaga zina alama hiyo. Kwa mimea hai rangi inasaidia: spora za Phaeoceros ni za njano, za Anthoceros ni za kahawia iliyokolea au nyeusi. Kwa visukuku usiitegemee rangi hata kidogo, maana joto la ardhini hugeuza spora yoyote kutoka njano kuwa kahawia, kisha nyeusi. Tazama mapambo ya pande zote mbili za spora. Na kakusanye mimea hai kwenye kingo za vijito uilinganishe mwenyewe. Picha za vitabuni hazitoshi.

Jambo moja sikuombi, nakuamuru. Asidi ya haidrofloriki inayoyeyusha mwamba ili spora zitoke hupenya hadi mfupani, na maumivu huweza kuchelewa. Usiifungue ukiwa peke yako, wala kabla ya kuweka karibu jeli ya kalsiamu glukoneti.

Ukirudi kwenye daftari, chora upande uliogusana na wenzake na upande wa nje, pima kipenyo, andika jina la umbo, Tetrahedraletes kama linafaa, na nafasi ya mmea mama uiache wazi.