Giaboksi Haifi, Huuawa: Nasaha kwa Vijana wa Pikapu

Vijana wangu wa Kitale na Bungoma, nyinyi mnaobeba mahindi ya Endebess, vitunguu vya Chwele na saruji ya kupeleka Lodwar, leo nina neno nanyi. Sitawaambia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu hufungwa plasta likapona. Giaboksi ya otomatiki ikishaungua, hakuna plasta.

Sisi tuliendesha Peugeot 504 za gia za mkono. Klachi ikiisha, fundi wa kando ya barabara pale Kiminini aliingia chini ya gari asubuhi, jioni ukaondoka. Nyinyi mmenunua dabo kebini za otomatiki, na siwalaumu. Mguu wa kushoto unapumzika. Lakini mnaziendesha kama 504, na zikikataa kutembea mnakimbilia kununua giaboksi nyingine siku hiyohiyo. Hapo ndipo ninapowashika mkono. Giaboksi ya otomatiki haifi yenyewe, huuawa. Ukileta mpya kabla ya kumjua aliyeiua ya kwanza, atakungoja njiani aimalize na ya pili.

Muuaji mkubwa ni joto. Katika otomatiki oili ndiyo kila kitu: ndani ya konvata ndiyo inayopeleka nguvu ya injini, ndiyo inayobana klachi za ndani, ndiyo inayolainisha na kupoza. Ukipanda mlima na mzigo huku mkono wa gia uko D, gia hupanda na kushuka bila kutulia, konvata inateleza, na kila mtelezo ni joto. Oili ikipita nyuzi 120 huanza kuharibika, inageuka nyeusi na kunuka kuungua. Teremsha mkono wa gia hadi 2 au L mapema, kabla gari halijaanza kuhangaika.

Sasa tupige hesabu. Pikapu nyingi zimeandikiwa tani moja hivi. Magunia 11 ya kilo 90 ni kilo 990, umefika. Lakini mavuno yakianza Oktoba naona pikapu zikitoka mashambani na magunia 18, na tanboi ameketi juu. Hizo ni kilo 1,620 na tanboi hajapimwa. Mnaongeza springi nyuma ili gari lisiiname, kisha mnadhani mmeliongezea nguvu. Springi haijui habari za giaboksi. Halafu mzigo huohuo unapelekwa Lodwar, karibu kilomita 300, kutoka mita 1,900 hivi juu ya bahari pale Kitale hadi mita 500 hivi kule kwenye jua kali. Kuteremka Kamatira kwa D ni kuzichosha breki bure. Kurudi kutoka Marich na mbuzi nyuma, ni kupanda tena, na oili tayari imeshiba joto la Turkana.

Wa upande wa Cheptais na Kapsokwony mna yenu. Gari likinasa kwenye matope mnapiga D, R, D, R, mguu umekanyaga mafuta. Chukueni jembe mchimbe.

Haya, gari limeanza kuruka gia au kugonga ukiliweka D. Usikubali spana iguse chochote kabla halijapimwa kwa kompyuta na oili kuangaliwa. Mara nyingine shida ni oili iliyopungua, waya uliokatika, sensa au solenoidi, na fundi mwenye haraka anakutoza bei ya giaboksi nzima kwa ugonjwa wa kipande kimoja. Mwenye Navara ya kizazi cha D40 aangalie radieta kwanza. Katika magari mengi oili ya giaboksi hupozwa ndani ya radieta, na ukuta wa ndani ukipasuka, maji huingia kwenye oili, oili ikawa ya waridi. Marekani, wenye Nissan Frontier, ndugu ya Navara hiyo, za 2005 hadi 2010, walikwenda mahakamani kwa jambo hilo, na kampuni ikarefusha dhamana ya radieta. Ukibadilisha giaboksi ukaiacha radieta iliyopasuka, umetupa pesa mtoni Nzoia.

Ikithibitika kwamba imekufa, nenda kanunue, lakini usinunue kwa jina la gari. Nunua kwa namba. Kwenye kibati cha gari, mlangoni au chini ya boneti, kuna alama ya giaboksi. Ipige picha, uilinganishe na ile iliyo kwenye giaboksi yenyewe. Hilux za dizeli na za petroli hazitumii giaboksi moja. Inayozungusha magurudumu mawili na inayozungusha manne hutofautiana upande wa nyuma. Na dalali akikuapia kwamba hii imetoka Japani, kwenye Hilux ya 2010, mwachie kiapo chake. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na haikuirudisha sokoni huko hadi 2017. Hiyo anayokuuzia huenda imetoka kwenye Prado. Bolti zaweza kushika vizuri, lakini uwiano wa gia na kompyuta vikakataana, nawe ukawa mgeni wa gereji kila Jumatatu. Afadhali useme wazi unataka ya Prado au ya Hilux, ukijua kwa nini.

Ya mtumba ifunguliwe sampu mbele yako. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma au mabaki meusi ya klachi, iache hapohapo. Dhamana iandikwe kwenye risiti, siku ngapi na nani atalipa kazi ya kuishusha tena. Neno la mdomo halishushi giaboksi. Wapo wanaong'oa otomatiki na kuweka gia za mkono. Siwakatazi, ila pedali, flaiwili, propela na kompyuta vitoke kwenye gari moja, la sivyo mtaunda gari ambalo hata fundi aliyelifunga hatalielewa baada ya mwaka.

Siku ya kufunga, kaa hapo, acha simu. Konvata lazima iingie hadi mwisho kwenye pampu kabla giaboksi haijakutana na injini. Ukiona fundi anaivuta kwa kukaza bolti ili ishikane, mzuie, anavunja pampu. Mabomba na kipoza oili vioshwe, kwa sababu vumbi la chuma la ile iliyokufa limejaa humo, au kipoza kibadilishwe kabisa. Oili iwe ile iliyoandikwa na kampuni iliyotengeneza gari: WS ya Toyota haibadilishwi na oili yoyote nyekundu ya kwenye ndoo. Pikapu nyingi hubeba lita 10 hivi, na ukifungua bolti ya chini hutoka 3 au 4 tu, zilizobaki hukaa kwenye konvata, mabomba na sehemu nyingine za ndani. Kwa hiyo anayekuambia amebadilisha oili yote kwa lita 4 hajafikisha hata nusu.

Na likikwama njiani, lisivutwe na magurudumu ya nyuma chini. Injini ikiwa imezimwa pampu haisukumi oili. Ling'olewe propela au libebwe mzimamzima.

Wewe uliyechukua mzigo wa Lodwar wiki ijayo, na oili yako tayari inanuka, mpe mwenzako mzigo huo, uende gereji kesho asubuhi.