Malkia wa Chungu na Haki ya Kumfuga

Tumeulizwa na ndugu yetu mmoja akaaye Embu kwa biashara: mwanawe amemwokota malkia wa chungu baada ya mvua, akamtia katika chupa apate kumlea mpaka azae mji mzima. Je, jambo hili lafaa?

Adhaniaye kuwa swali hili ni la mchezo na akumbuke kuwa Qur'ani ina sura iliyoitwa kwa jina la mdudu huyu, na Mtume (S.A.W.) amekataza kumuua.

Kufuga kwenyewe si haramu. Abu Umayr alikuwa mtoto mwenye kijidege chake, na Mtume hakumkemea. Lililo wajibu ni kujua haki ya kiumbe. Na haki ya malkia huyu ni ya ajabu: akisha kuruka na kupata mume, huziangusha mbawa zake mwenyewe, akachimba shimo, akajifungia humo. Wengi wao hawali kitu mpaka watumishi wa kwanza watoke. Huwalea kwa mwili wao, kwa nyama zile zilizokuwa zikiendesha mbawa. Ataka giza, unyevu na utulivu. Akisumbuliwa mara kwa mara, pengine huyala mayai yake. Basi mtoto asiyeweza kukaa wiki kadhaa bila ya kuchungulia, hatumpi ruhusa, hata akiwa na huruma kiasi gani.

Itasemwa: malkia wengi hufa porini, huyu mmoja ana uzito gani? Twakubali, mmoja si neno. Lakini Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na malkia wapatao 5,000, wametiwa katika vichupa vyembamba vyenye pamba. Walijitetea kuwa hawakukusudia kuvunja sheria. Tarehe 7 Mei mahakama ikawatoza shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Hao ni chungu wavunao mbegu, wakazitawanya na kuilegeza ardhi ya malisho. Elfu tano si mapenzi tena, ni kuwanyima wenye nchi miji ambayo haijajengwa.

Katika Embu hiyo hiyo, mtu wa Mbeere hutundika mzinga wa gogo mtini, akangoja nyuki waje wenyewe. Wakija, hutwaa asali, na malkia hubaki na watu wake. Wasipokuja, mzinga hukaa mtupu, naye hungoja mvua nyingine.