Kofi la Shingoni

Mvua ya masika ilikuwa imekolea. Kijana mmoja wa kidato cha nne, mkazi wa Machakos, alikuwa sebuleni usiku akidurusu, taa inawaka, dirisha wazi. Akahisi kitu kinamtambaa shingoni. Alikipiga kofi, akakisaga kwa vidole, akajipangusa kwenye suruali na kuendelea kusoma. Usingizi ulipomlemea akafikicha jicho. Hakuumwa wala hakuwashwa, kwa hiyo hakujishughulisha kutazama alichoua.

Siku iliyofuata ilipita salama. Ya pili aliamka jicho limevimba hadi limefumba, na shingoni pana mchirizi mwekundu wenye malengelenge, mithili ya aliyemwagikiwa mafuta ya moto. Nyanya yake akasema amekojolewa na buibui, akampaka dawa ya meno. Jirani akashikilia kuwa ni mkanda wa jeshi. Walipofika zahanati, jicho lilikuwa halivumiliki.

“Kijana, hukuua mdudu usiku?” daktari alimuuliza. “Mwembamba, mwekundu kiunoni?”

Alikuwa yule anayeitwa nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli ni wa jamii ya mbawakawa. Ni mdogo, hafiki hata sentimita moja na nusu. Kichwa ni cheusi, kifua chekundu cha rangi ya chungwa, na ncha ya tumbo nyeusi. Mabawa yake ya juu ni mafupi, yana mng’ao wa buluu na hufunika sehemu tu ya mgongo, hivyo ukimwona haraka utadhani ni siafu aliyepakwa rangi. Haumi, hachomi. Sumu yake, pederini, imo mwilini, na humwagika akipondwa. Kwa kuwa ngozi huchukua saa 24 hadi 48 kuungua, wengi huwa wameshamsahau. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliwafanya wazagae Kenya, wakifuata taa majumbani. Shambani ni rafiki wa mkulima, hula vidukari.

Akitua mwilini mwako, mpulize, au mtegee karatasi apande umtoe nje. Ukishamponda, osha ngozi upesi kwa sabuni na maji mengi, mikono pia, kabla hujagusa uso, na nguo ifuliwe. Sumu ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi na uwahi hospitali. Mabaki yake usiyatupe. Yafunge kwenye karatasi uende nayo, ili daktari asilazimike kukisia.