Picha na Neno: Kipi Hutufikisha kwa Jirani?

Wahenga walisema macho hayana pazia. Kinachopita mbele ya macho huingia bila kubisha hodi, na ndiyo sababu picha ya mtoto mwenye njaa hutugusa kabla hatujajua mtoto huyo ni nani wala yuko nchi gani. Neno lililoandikwa haliingii hivyo. Linamtaka msomaji aketi, asome na kufikiri, na akichoka anaweza kufunga kitabu. Kwa hiyo wengi wetu tukiulizwa kipi kina nguvu zaidi ya kuugusa moyo, tutajibu haraka kwamba ni picha.

Jibu hilo lina ukweli, lakini kwa Mkristo swali haliishii kwenye moyo kuguswa. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, katika Luka sura ya 10, alisimulia habari za watu watatu waliopita njia moja wakamkuta mtu aliyejeruhiwa. Kuhani alimwona. Mlawi alimwona. Msamaria naye alimwona. Wote watatu walikuwa na picha ileile mbele ya macho yao, na wawili wakapita kando. Basi, mpendwa msomaji, swali letu ni hili: kati ya picha na neno, ni kipi kinachotutoa kwenye kuona tu na kutufikisha kwa jirani?

Historia ya Kongo inaweza kutusaidia, kwa maana huko maneno na picha vilitumika kupigania jambo lilelile, na makanisa yalihusika.

Kuanzia 1885 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitawala Kongo kama mali yake binafsi. Wanakijiji walilazimishwa kuleta utomvu wa mpira wa porini. Waliposhindwa kufikisha kiasi walichopangiwa walipigwa, wake zao walishikwa mateka, na wengi waliuawa. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba risasi hazikupotea bure, na mikono ya watu ikakatwa iwe ushahidi.

Maneno ndiyo yaliyotangulia. Mwaka 1890 George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyewahi kuwa mchungaji wa Kibaptisti, alifika Kongo akayaona. Akiwa Stanley Falls, mahali ambapo leo ni Kisangani, alimwandikia mfalme barua ya wazi akitaja maovu ya utawala wake moja baada ya jingine. Barua ilichapishwa na kusomwa. Mwaka uliofuata Williams alifariki Uingereza, na mpira ukaendelea kukusanywa kwa mtutu wa bunduki. Baadhi ya wamisionari nao waliandika walichokiona. Mapema 1904 serikali ya Uingereza ilichapisha ripoti ya balozi wake mdogo, Roger Casement, aliyesafiri ndani ya Kongo na kuwahoji watu. Ripoti ilikuwa nzito, ila kabla haijatoka maofisa waliyaondoa majina ya watu na ya mahali na kuweka herufi badala yake, jambo lililomuudhi sana Casement mwenyewe.

Mwezi Mei mwaka huohuo, katika kituo cha misheni cha Baringa ndani ya msitu wa Kongo, alifika mtu mmoja kutoka kijiji cha Wala, jina lake Nsala. Alibeba kifurushi cha majani. Kilipofunguliwa, ndani mlikuwa na mkono mdogo na mguu mdogo. Ndivyo vilivyobaki vya binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira iliyoitwa ABIR. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza aliyekuwa na kamera, alimpiga picha akiwa ameketi kwenye ukingo wa baraza, akivitazama.

Picha hiyo, pamoja na nyingine za watu waliokatwa mikono, ilichapishwa na kuonyeshwa makanisani na katika kumbi za mikutano, Uingereza na baadaye Marekani, ikimulikwa kwa taa kwenye kitambaa cheupe. Alice na mumewe John walizungumza katika mamia ya mikutano. Waumini waliokuwa wamesikia habari za Kongo kwa miaka mingi sasa waliziona kwa macho. Mfalme alikuwa na watu wa kumtetea dhidi ya kila barua, lakini kuikanusha picha ilikuwa kazi ngumu zaidi. Novemba 1908 Kongo ilitoka mikononi mwake ikawa koloni la dola ya Ubelgiji. Mateso hayakwisha siku hiyo, na kazi za kulazimishwa ziliendelea, lakini miliki ya mtu mmoja juu ya nchi nzima ilikuwa imevunjwa.

Mpaka hapa mtu atasema picha imeshinda. Lakini hebu tuitazame picha yenyewe. Anayeiona kwa mara ya kwanza bila maelezo humwona mwanamume ametulia, anatazama vitu vidogo vilivyo mbele yake sakafuni. Hakuna bunduki, wala hakuna anayelia. Mtu anaweza kuufunua ukurasa unaofuata bila kushtuka. Kinachomrudisha atazame upya, na safari hii moyo umwume, ni maelezo mafupi: huyu ni baba, vile ni mkono na mguu wa binti yake, binti aliitwa Boali, na waliomuua walikuwa wakidai mpira. Picha haikuweza kusema hata moja kati ya hayo.

Tena, Nsala hakukutwa njiani na mtu mwenye kamera. Alikuja mwenyewe na mzigo ule kueleza yaliyompata. Neno lake lilitangulia picha, na kamera iliupeleka mbali ushahidi aliokuwa ameshautoa kwa kinywa chake. Ndiyo maana zaidi ya miaka mia moja baadaye bado tunamtaja yeye na mwanawe kwa majina.

Linganisha na picha nyingine iliyozunguka dunia, iliyopigwa na Kevin Carter wa Afrika Kusini mwaka 1993 huko Ayod, kusini mwa Sudani ya wakati ule. Mtoto aliyedhoofika kwa njaa ameinama hadi chini, na nyuma yake ametua tumbusi. Ilipotoka katika gazeti la The New York Times, wasomaji wengi waliuliza mtoto yule alipatwa na nini baadaye. Gazeti likalazimika kueleza kwamba halikujua kama aliwahi kufika kwenye kituo cha chakula. Mwaka uliofuata picha ilipata tuzo ya Pulitzer. Iliwatikisa watu kweli, lakini walichokitafuta baada ya kutikiswa ni kile ambacho picha haikuwa nacho: mtoto huyu ni nani, na nini kilifuata?

Maandiko yanatupeleka mbali zaidi. Katika Luka 16, tajiri alikuwa na Lazaro mlangoni pake. Hakukosa kumwona, kwa maana hata kuzimu alimtambua, akataka atumwe kumletea maji. Alikuwa na picha ya umaskini mbele ya nyumba yake, na picha hiyo ikageuka kuwa sehemu ya mlango tu. Kisha akaomba ndugu zake wapelekewe mtu kutoka kwa wafu, yaani waonyeshwe jambo la kuwatisha. Akajibiwa kwamba wanao Musa na manabii, wawasikilize hao. Naliona somo kubwa hapo. Jicho ambalo halijafundishwa na neno huzoea chochote, hata vidonda vya mtu. Mshtuko wa kwanza hupita, wa pili huwa mdogo, na wa kumi hausikiki.

Wala tusidhani neno ni dhaifu katika kuugusa moyo. Injili zote nne hazituelezi sura ya Yesu ilikuwaje. Hata hivyo Paulo aliwaambia Wagalatia kwamba Kristo aliyesulubiwa aliwekwa wazi mbele ya macho yao, na kilichomweka wazi kilikuwa mahubiri. Kila Ijumaa Kuu habari hiyo husomwa katika sharika zetu, na wapo wanaolia ingawa wameisikia tangu utotoni.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba picha ina nguvu ya kutuamsha, lakini neno ndilo linalotuambia tumeamshwa kwa ajili ya nani, nani alimtenda hivyo, na sisi tunapaswa kufanya nini. Huruma isiyojua hayo hubaki kuwa maumivu yetu wenyewe. Tunajisikia vibaya kidogo, kisha tunajisikia vizuri kwa kuwa tumejisikia vibaya, na jirani yuko palepale.

Haya si mambo ya kale tu. Siku hizi karibu kila simu ni kamera, na makundi ya WhatsApp ya sharika nyingi hupokea picha za namna moja: mama mjane amesimama katikati ya viongozi, mfuko wa unga mikononi, bango nyuma yake, ameambiwa atazame kamera. Anatabasamu kwa kuwa si rahisi kukataa. Jioni ile picha iko kwenye simu za majirani zake na za wazazi ambao watoto wao wanasoma darasa moja na mjukuu wake.

Wanaopiga picha hizo wana hoja, na si ya kupuuzwa. Sadaka ya washarika lazima itolewe hesabu. Picha huonyesha kwamba unga ulifika, na huwavuta wengine kutoa. Lakini Bwana wetu alikataza sadaka ya kutangazwa ili watu watuone, na bado kanisa la kwanza halikukosa uwazi. Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alijihadhari na lawama kwa kutuma ndugu walioaminika pamoja na mchango huo, kama tunavyosoma katika Wakorintho wa Pili sura ya 8. Sisi nasi tunaweza kuandika: familia ngapi, kilo ngapi, shilingi ngapi, wazee gani wa kanisa walishuhudia. Taarifa kama hiyo inathibitisha kuliko picha, kwa kuwa picha ya mfuko mmoja haisemi mifuko mingine tisa ilikwenda wapi.

Na pale picha inapohitajika kweli, kipimo tunakipata kwa Nsala. Mwenye maumivu ndiye aliyekuja yajulikane. Tumwulize mama yule kwanza, tena faraghani, na akikataa apewe unga wake kwa heshima ileile. Akikubali, basi tumsikilize anataka tuseme nini juu yake, tukiandike hicho.

Kwa anayepokea picha, wajibu ni mdogo ila ni wa kila siku. Kabla hujaituma kwa mwingine, uliza: huyu ni nani, yuko wapi, habari hii imetoka kwa nani, na anahitaji nini ambacho mimi ninaweza kukitoa? Kama hakuna anayeweza kujibu, iache hapo, kisha utafute aliye karibu nawe ambaye jina lake unalijua. Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha, akampandisha yule mtu juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi. Mungu atupe kusoma Neno lake mpaka macho yetu yaone kwa namna hiyo.