Kabla Hujaishusha Injini

Mwanangu, nimesikia unataka kuishusha injini ya Toyota Corolla 110 yako, na kwamba ushaonyeshwa nyingine iliyoteremshwa bandarini Kilindini kutoka Japani. Wenzako wa foleni ya teksi pale Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa, kila mmoja ana lake. Huyu asema ufunge 5A ileile uliyo nayo, yule 1NZ kama ya Toyota Probox, na wa tatu akutamanisha 4A-GE ya vali 20. Nisikilize na mimi kabla hujatoa amana, maana pesa hizo ni karo na chakula cha wanao.

Unalalamika gari latoa moshi wa buluu. Latoa lini? Ukiliwasha baada ya kukaa foleni saa mbili ukingoja ndege, likafuka kidogo kisha likanyamaza, huenda ni sili za vali tu: oili imechuruzika ndani wakati injini imelala. Kazi hiyo haihitaji injini nyingine. Likifuka njia nzima, mwambie fundi apime kompresheni ya kila silinda, kisha atie oili kidogo kwenye ile iliyo dhaifu apime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, tazama vali au gasketi ya hedi. Fundi anayekwambia ununue injini kabla ya kupima, mwache hata kama ni jamaa yako.

Halafu ujue kilichoiua injini. Hapa ndipo vijana wengi wa pwani mnapopoteza mali. Maji ya visima vingi vya Kisauni na Likoni yana chumvi, nasi twayachota kwenye dumu na kuyamimina ndani ya rejeta bila kufikiri. Injini yako ina bloku ya chuma na hedi ya alumini, na chumvi huila alumini polepole, ikaziba na vijia vya rejeta. Injini huchemka, hedi ikapinda, gasketi ikaungua. Sasa ukiifunga injini ya Japani juu ya rejeta ileile, ukaendelea na dumu lile lile, umeinunulia maradhi yaleyale. Weka rejeta nzima na feni inayozunguka sawasawa, utie koolanti iliyochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Ukikosa pesa za hayo, basi huna bado pesa za injini.

Kuhusu injini gani ufunge, nitakwambia wazi ninavyoona. 4A-GE ya vali 20 ni injini nzuri mno, nami naiheshimu. Ni ya ukoo mmoja na 5A, kwa hiyo kuifunga si shida kubwa. Lakini nguvu zake za farasi 165 huzitoa karibu na mizunguko 7,800 kwa dakika. Wewe utaifikisha wapi huko? Kwenye msongamano wa Changamwe, nyuma ya malori ya makontena? Itakunywea mafuta bure, na breki zako hazikutengenezwa kwa mbio hizo. Mgeni aliyetoka safari ya ndege anataka kufika hotelini salama, na buti litoshe masanduku yake.

1NZ ina hoja. Hula mafuta kidogo, na hutumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, ambao kwenye 5A sharti uubadilishe kila kilomita 100,000 au hivi. Ila ekzosi yake imeelekea nyuma, ya 5A imeelekea mbele. Basi utahamisha mabomba, utengeneze maunti, utafute gia boksi yake, na juu ya yote kompyuta na nyaya zake kamili. Nyaya zilizounganishwa kwa tepu zitakuzimia gari usiku ukiwa na abiria, katikati ya daraja la Mwache. Sikatai, lakini kwa gari la umri huo naona gharama yashinda faida. Kazi yako yenyewe nayo imepungua tangu treni ya Nairobi ianze kufika stesheni ya Miritini mwaka 2017, na wengi wa Nairobi wakashukia huko. Kwa safari chache, mafuta utakayookoa hayatarudisha gharama hizo upesi. 5A yako ikiwa imekufa kweli, funga 5A. Ikiwa bloku ingali nzima, ifungue uitie ringi na beringi mpya, kwa fundi utakayesimama naye.

Na usiinunue injini isiyo na karatasi. Namba ya injini imo kwenye logibuku yako pamoja na ya chasisi, na gari lako la abiria hukaguliwa kila mwaka. Omba risiti yenye namba iliyogongwa kwenye bloku, uisome kwa macho yako, kisha upeleke taarifa kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, namba ibadilishwe, na bima nao uwaarifu. Ikitokea ajali au injini ikadaiwa kuwa ya wizi, muuzaji hutampata.

Yapo pia ya bodi, nayo nayaogopa kuliko yote. Gari lililozeekea pwani hii huliwa na hewa ya chumvi kutoka chini. Gonga sakafu kwa nyundo ndogo, tazama penye vishikio vya shokomzoba, tazama nguzo zinazobeba injini. Kutu ikiwa imepenya huko, hata injini mpya kabisa haina pa kukaa, na pesa zile ni afadhali ziwe mwanzo wa gari jingine. Kwa hiyo kesho usiende kwa muuza injini. Nenda kwa fundi wa kuchomelea, alipandishe gari, aling'oe zulia la sakafuni, nawe uwepo anapogonga.